Flashi iliyojaa shotikati: jinsi nilivyopata mafaili yangu bila kununua antivairasi

Mafolda yote kwenye flashi yaligeuka shotikati (vialama vya njia ya mkato tu), lakini nafasi iliyotumika ilikuwa ileile. Hapo nikapumua kidogo: vitu vimefichwa, havijafutwa. Nilijaribu flashi nyingine tupu, nayo ikachafuka papo hapo. Kumbe kirusi (vairasi) kinakaa kwenye kompyuta. Kufuta shotikati ni kazi bure.

Kwa hiyo anza na kompyuta, flashi ikiwa imechomolewa. Windows 10 na 11 zina antivairasi ya Microsoft Defender ndani yake, bure. Isasishe kwanza, kisha chagua ukaguzi wa Offline: mashine inajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kirusi kikiwa bado kimelala. Chomeka flashi, ikague nayo, halafu fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi yangu, weka yako. Siri iko kwenye -s. Nilipoweka -h peke yake ilikataa, kwa sababu kirusi huyapa mafaili alama ya mfumo pia, na hiyo lazima iondoke pamoja na ile ya kuficha.

Mafolda yakarudi yote. Shotikati zilizobaki nikazifuta bila kuzifungua.