Kufuata maji kutoka Uru hadi Mabogini

Nianze kwa kuungama: baiskeli niliipandisha Uru, mlimani juu ya mji wa Moshi, kwa Noah, gari dogo la abiria. Kondakta aliifunga juu ya keria kwa kamba ya mpira, akanitoza nauli ya mtu na nusu, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi siti ya nyuma, "Mama, baiskeli ya nini sasa kama nayo inapanda gari?" Abiria wakacheka, nikacheka nao. Sikuhangaika kumjibu. Tulipoipita Rau Madukani na gari likaanza kunguruma kwa gia ya kwanza kuelekea Materuni, mlima ulimjibu.

Maji hayapandi mlima, wahenga walishasema, na mimi sina tofauti na maji. Nina miaka arobaini na tatu, magoti ya mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi, na baiskeli ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu mbele na gia tatu, ambayo ya tatu huingia ikijisikia. Breki ya nyuma ikikamatwa inalia kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Kwa chombo kama hicho unashuka, hupandi.

Wazo lilinijia mezani. Nimekula ndizi za Uru tangu nikiwa mtoto, na wali wa Mabogini karibu kila Jumapili, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba vyote viwili vinatoka kwenye mlima mmoja, Kilimanjaro, pengine kwenye maji yale yale. Nikasema Nane Nane, siku ya wakulima na ofisi imefungwa, nitaanzia kwenye mfongo wa baba mdogo niyafuate maji mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, chini kwenye tambarare.

Kwa asiyetoka Uchagani: mfongo ni mfereji wa udongo. Maji yanachepushwa kutoka mtoni, juu kabisa, kisha yanazungushwa ubavuni mwa kilima hadi kwenye vihamba, kwenye migomba na kahawa. Ilichimbwa kabla Mjerumani hajafika, kwa jembe na kwa jicho, bila kipimo chochote cha fundi. Mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba ukisimama mahali fulani, na bonde likikudanganya, utaapa maji yanapanda. Nilisimama pale nikaangalia jani kavu la mgomba likielea kwenda "juu" bila haraka, nikajisikia kizunguzungu kidogo. Baba mdogo alisema kila mgeni husimama palepale.

Nilikuwa nimejipanga kupanda baiskeli ukingoni. Hapo ndipo tulipokosana, kwa upole.

"Ukingo huu si barabara, mwanangu. Tairi likipita, udongo unameguka. Ukimeguka, maji yanamwagika kwenye korongo na zamu ya mwenzangu wa chini inaishia njiani. Atakuja kunidai mimi, hatakudai wewe."

Zamu ni jambo zito kule. Kila kihamba kina siku yake na saa zake, kuna kamati, kuna wazee, na asiyetokea siku ya kuzibua mfongo analipa faini. Agosti ndiyo mwezi wenyewe: ukungu na baridi ya kuvaa sweta mpaka saa nne, lakini mvua hamna, na mto umepungua. Kwa hiyo kilomita zangu mbili za kwanza nilizitembea kwa miguu, nikiikokota baiskeli kwenye kijia cha nje, baba mdogo mbele na panga lake, akikata majani yaliyoinamia maji na kuzungumza bila kugeuka. Tulifika kwenye nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji ya usiku ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu. Ndani yake mlikuwa na bata wawili na kandambili moja. Mke wake alikuwa amenifungia kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, kwenye hotipoti, ikakaa vizuri kwenye kikapu kana kwamba Wajapani walikitengeneza kwa kazi hiyo.

Kushuka hakuna hadithi ndefu. Barabara ina kona, ina bodaboda wanaozima injini kuokoa mafuta na kukutokea nyuma kimya kama paka, na ina watoto wanaopiga kelele "baiskeli ya mama!" Nilisimama mara tatu kupumzisha vidole. Breki ililia kuanzia Materuni hadi Rau, mbwa wote wa Uru wananijua sasa.

Nikavuka barabara kuu iendayo Himo, nikaingia msitu wa Rau. Ukiwa na saa moja tu ya baiskeli Moshi, itumie hapa. Chini ya miti kuna chemchemi, ardhi ina unyevu hata Agosti, njia ni tambarare na kivuli hakikatiki. Kuna msoo, mti mrefu sana wenye shina la kukufanya uinamishe shingo nyuma mpaka kofia ianguke, na huo hupatikana katika sehemu chache mno duniani. Juu mbega walikuwa wakirukaruka na mikia yao myeupe. Nilikula kiburu pale, peke yangu, nikaona aibu kidogo kwamba nimeishi mjini miaka yote hii na nilikuwa sijaingia.

Msitu unakwisha ghafla, jua linakupiga, na mbele yako ni majaruba.

Huku chini mambo ni mengine kabisa. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikichukua maji kutoka mito miwili, Rau na Njoro. Mifereji yake ni ya zege, imenyooka kama rula, na pembeni ina njia ya kupitia wakaguzi na matrekta. Baada ya kule juu, ambako mfongo unapinda kila unapokutana na jiwe au ugomvi wa ukoo, mstari ule mnyoofu ulinishangaza. Nilikanyaga pedeli bila kufikiri. Gia ya tatu ikaingia yenyewe. Kulia maji, kushoto mpunga, mwingine mchanga wa kijani kibichi, mwingine umeshaanza kuinama, maana maji hugawiwa kwa awamu na si wote wanapanda pamoja. Yangeyange weupe walisimama kwenye matope kama wasimamizi wa mtihani.

Tahadhari mbili kwa atakayenifuata. Udongo mweusi ukiwa mkavu ni mzuri kuliko lami. Ukiwa umemwagikiwa maji hata kidogo, unajaza madigadi mpaka gurudumu linagoma, na utautoa kwa kijiti. Ya pili ni miba. Mgunga mmoja tu pembeni ya njia unatosha. Mimi nilipata miwili, tairi la mbele, mbali na kivuli chochote.

Nilikokota hadi penye mwarobaini, na chini yake, Mungu ni mwema, fundi. Kijana wa miaka ishirini hivi, beseni la maji, pampu ya mguu, kopo la solusheni.

"Pole, dada. Umetoka nayo wapi?"

"Uru."

Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akazamisha tyubu kwenye beseni na kusubiri mapovu. Akapiga msasa, akapaka, akapuliza, akabandika viraka viwili, kisha akakaza breki ya nyuma bila kuombwa. Haijalia tena. Nimeanza kuikumbuka.

Karibu na hapo nilikula wali na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na aliyeketi nami mezani alikuwa mgawa maji, mzee mwenye funguo za mageti kwenye kamba shingoni. Nilipomwambia safari yangu hakucheka kama wengine. Alinieleza kuwa wenye mashamba juu ya banio, pale maji ya mto yanapoingizwa kwenye mfereji wa skimu, walipoona mpunga unalipa nao wakalima, wakayachepusha maji kabla hayajafika mferejini, na kuna majaruba ya skimu ambayo siku hizi yanalimwa mahindi au hayalimwi kabisa. Halafu akanyoosha mkono kaskazini. Mawingu yalikuwa yamefunguka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita zake 5,895 zote, ilikuwa imesimama pale juu ya mfereji.

"Umetoka huko juu, mama?"

"Nimetoka huko."

"Basi ukirudi, waambie wafungue."

Jioni, miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, nilimpigia baba mdogo nikampa salamu hizo kama nilivyozipokea. Alinyamaza kidogo. Nilisikia bata.

"Mwambie Jumamosi tunazibua mfongo," akasema. "Aje na jembe."