Miaka na bastola moja kiunoni

Bastola ya kubeba ni chombo cha ajabu: unakaa nayo mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, na unaomba usiitumie hata mara moja. Ndiyo maana maoni ya watu wengi kuhusu bastola zao huwa ya mwezi wa kwanza, siku ambazo bado inanukia mafuta ya kiwandani na kila risasi inatoka bila shida. Mimi nataka kueleza kinachokuja baadaye.

Yangu ni Glock 19 ya kizazi cha tatu. Glock 19 ya kwanza ilitoka mwaka 1988, ikiwa ni ndugu mdogo wa Glock 17: mtutu wa milimita 102, magazini ya risasi 15 za milimita 9, na uzito wa takriban gramu 600 ikiwa tupu. Ni ndogo kiasi cha kufichika chini ya shati, na bado inajaa mkononi. Weusi wa pembe za mbele za slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, umekwisha kwa kusuguana na ala. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani imeanza kuliwa na kutu, lakini weusi ule ni wa juu tu. Chuma chenyewe kilitiwa ugumu kiwandani na bado kinastahimili jasho.

Kubeba kunaichosha bastola kwa namna ambayo kupiga shabaha hakuichoshi. Ukirudi kutoka uwanja wa shabaha unajua ni chafu, unaifungua na kuisafisha. Lakini bastola inayokaa kiunoni hukusanya nyuzi za nguo, vumbi, chumvi ya jasho na vipande vya ngozi ya ala bila wewe kuona kitu. Mafuta nayo hushuka polepole au hukauka. Nimezoea kuifungua hata kama haijapiga risasi, na kila mara nakuta vumbi laini limejikusanya nyuma ya slaidi, kwenye lile tundu la nyuma ya mpini, na zaidi ya kote chini ya magazini. Vipuri vidogo vya chuma, kama kile kikono cha pembeni kinachozuia slaidi ikiwa wazi, ndivyo hushika kutu kwanza, maana havikutengenezwa kwa ugumu ule wa slaidi. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha.

Kidogo, narudia. Bastola hii haihitaji zaidi ya matone machache: kwenye reli, juu ya mtutu na pale kifyatulio kinapogusana na chuma cha ndani. Njia ya pini ya kufyatulia inabaki kavu kabisa. Ukitia mafuta mle, yanashika uchafu, pini inapungua kasi, na siku moja unasikia mlio wa pini peke yake bila mlipuko.

Kabla ya kuifungua, lakini, kuna jambo la muundo huu ambalo lazima mtu alitie kichwani. Ili slaidi itoke ni lazima ubonyeze kifyatulio. Risasi ikiwa imesahaulika ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, itatoka. Kwa hiyo naanza kwa kutoa magazini, kisha navuta slaidi, naangalia chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, na risasi zote nazipeleka chumba kingine. Mdomo wa mtutu unaelekea mahali ambapo risasi haiwezi kumdhuru mtu. Sijali kama jamaa ataniona mwoga.

Sasa kuhusu kukwama. Niliweka daftari dogo tangu nilipoinunua: aina ya risasi, magazini iliyotumika, na kama kuna lililotokea. Magazini zangu zote nimeziandika namba kwa rangi nyeupe chini. Kuna kipindi bastola ilianza kukwama mara moja moja. Pua ya risasi inagonga chini ya mdomo wa chemba na slaidi inabaki nusu njia. Marafiki walitoa hukumu haraka: badilisha kucha inayovuta maganda, peleka kwa fundi ang'arishe mlango wa chemba, uza ununue nyingine. Daftari lilisema jambo jingine. Kila kukwama kulikuwa kwa magazini moja, tena moja ambayo haikutoka kwa mtengenezaji wa bastola, bali nilipewa na mtu. Nilipoilinganisha na nyingine niliona midomo yake ya juu imepanuka kidogo, hivyo risasi inatoka ikiwa imeinama. Niliipaka rangi nyekundu na sasa ni ya mazoezi peke yake. Inafaa sana kwa hilo, maana haikuonyi itakwama lini, nami najizoeza kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi bila kufikiri.

Ukiniuliza nini huharibika kwanza kwenye bastola za aina hii, nitajibu magazini, kabla ya bastola yenyewe. Watu husema ukiiacha imejaa muda mrefu springi yake italala. Kinachoichosha springi nzuri zaidi ni kubanwa na kuachiwa mara nyingi, si kukaa imebanwa. Za kwangu hukaa zimejaa, na springi nabadilisha nikiona slaidi haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Hapo pia kuna mtego: slaidi inaweza kukataa kubaki wazi kwa sababu kidole gumba chako kimelala juu ya kile kikono. Mwachie mwenzako apige na magazini ileile kabla ya kununua springi.

Springi kubwa ya chini ya mtutu ndiyo inayorudisha slaidi mbele kila baada ya mlipuko. Kwa kizazi hiki wengi huibadilisha kati ya risasi 3,000 na 5,000, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na risasi hizo zenyewe. Mimi huipima hivi: bastola ikiwa tupu kabisa, naielekeza juu mahali salama, nashikilia kifyatulio nyuma, navuta slaidi kisha nairudisha polepole kwa mkono. Ikifika mwisho na kujifunga yenyewe, springi bado ina nguvu. Ikiishia karibu na mwisho na kusita, nabadilisha.

Risasi nazo zina mambo yake. Mtutu wa kizazi hiki una mikunjo ya mviringo badala ya mifereji yenye kingo kali, na kiwanda kinakataza risasi ambazo pua yake ni madini ya ledi matupu yasiyovikwa shaba, kwa kuwa madini yale hujipaka ndani na kupandisha shinikizo. Natumia za kuvikwa tu. Zile za kubeba, zenye pua iliyotobolewa, sikuziamini hadi nilipopiga angalau 200 bila kukwama, nyingine kwa mkono wa kushoto peke yake, maana kiganja kikilegea slaidi hukosa pa kuegemea na ganda huweza kunasa likiwa limesimama.

Halafu kuna ile risasi ya kwanza. Mtu anayetoa risasi chembani kila jioni na kuirudisha kila asubuhi anaigonga ileile tena na tena kwenye mlango wa chemba, na pua huzama ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda kuliko inavyotakiwa. Naisimamisha kando ya risasi mpya juu ya meza iliyo sawa. Ikiwa fupi hata kwa unywele, haipigwi tena. Dawa nzuri zaidi ni kupunguza hizo safari za kutia na kutoa: bastola inalala ndani ya ala yake, ndani ya kasha lenye kufuli.

Ala nayo huzeeka, na hili halizungumzwi vya kutosha. Glock yangu haina sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya pembeni ya kubonyeza. Ina tatu zinazojiendesha zenyewe: ya kwanza iko kwenye kifyatulio chenyewe, na mbili zimo ndani. Maana yake kitu chochote kinachoingia na kusukuma kifyatulio ni sawa na kidole. Ala yangu ya kwanza ya ngozi ilikuwa nzuri sana, lakini baada ya miaka mdomo wake ulilainika ukaanza kujikunja kuelekea ndani. Niliitupa siku hiyohiyo. Siku hizi natumia ya plastiki ngumu inayofunika kifyatulio chote, na bado narudisha bastola polepole huku nikiangalia, shati likiwa limevutwa pembeni.

Mpaka hapa vipuri nilivyobadilisha ni springi na vilengeo. Mtutu ni uleule na kucha ni ileile. Vile vilengeo vya plastiki vya kiwandani niliviondoa mapema nikaweka vya chuma vyenye tritiamu, vinavyong'aa gizani vyenyewe. Tritiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12.3, na vyangu vimeanza kufifia kiasi kwamba usiku nakiona cha mbele kwa shida. Vipya nimeshaagiza.