Nililiita tongotongo

Kwa miezi minane nililiona kila asubuhi, na kila asubuhi nikalipa jina lisilo lake. Kwenye kona ya ndani ya jicho la kulia la Sikitu, punda wetu, palikuwa pameota kitu cha rangi ya waridi, kidogo kama punje ya ulezi, na chini yake ulishuka mchirizi wa majimaji uliogandisha manyoya ya shavu. Nachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, nafuta, namwambia, "Tongotongo tu hilo, bibi," kisha nachukua mkoba wangu naenda kufundisha.

Marehemu baba alimnunua mnadani mwaka 2001, mbavu zinahesabika, meno yakionyesha umri wa miaka minne hivi. Waliokuwa pale wakamcheka: punda gani huyu, huyu si kitu. Baba akasema basi jina limeshapatikana. Kwa miaka kumi na tano iliyofuata huyo "si kitu" alivuta mkokoteni wenye madumu manane ya lita 20 kutoka kisimani hadi Ng'ambo, Isevya na Cheyo, hapa Tabora mjini, jua likiwa bado halijapanda. Kiangazi, mabomba ya mjini yakikauka, safari zilikuwa tatu kwa siku. Ada yangu ya sekondari, godoro la bweni, nauli ya kwenda chuo cha ualimu, vyote vilitoka kwenye mabega yale. Baba alifariki 2016. Baadaye maji ya Ziwa Victoria yakafika Tabora kwa bomba, wanunuzi wa madumu wakapungua, nikamleta Sikitu kwangu, upande wa njia ya Kwihara, akae kwenye kivuli cha miembe. Leo ana miaka 28 au karibu na hapo.

Nyumbani kwetu methali moja ilikuwa marufuku: fadhila za punda ni mateke. Mgeni akiisema, baba anamuuliza kwa upole, "Na wewe ulimpa fadhila gani?" Sikitu hajawahi kumpiga mtu teke. Nilimwosha jicho miezi minane na hakuwahi hata kuvuta kichwa. Sasa najua kwamba utulivu ule ndio ulionidanganya. Punda huficha maumivu. Ng'ombe mgonjwa utamjua, mbuzi atalia, lakini punda atasimama palepale alipokuwa amesimama jana, atatafuna mabua yale yale, nawe utasema huyu mzima.

Nilijaribu vitu kabla ya kumwita mtu anayejua. Duka moja la dawa za mifugo waliniuzia tetrasaiklini ya macho bila kuuliza swali lolote zaidi ya "ni ng'ombe?" Nikapaka wiki mbili. Usaha ukapungua, nikashangilia. Kile kitu cha waridi hakikupungua. Baba mdogo alipotutembelea aliinama akatazama, akasema wao zamani ng'ombe wa macho mabovu walimtemea tumbaku iliyotafunwa. Tumbaku kwetu haikosekani, na baba mdogo ni mzee ninayemheshimu sana, kwa hiyo nilimjibu tu, "Baba, tumwache kwanza apumzike." Jirani akaleta asali, kwa sababu mtu wa Tabora akikosa la kufanya huleta asali. Nikaipokea, nikaila na watoto.

Mvua za Novemba zilileta nzi. Kufikia Januari punje ya ulezi ilikuwa na ukubwa wa kokwa la zambarau, uso wake umejikunja kama ua la koliflawa, na Sikitu alikuwa akijisugua kwenye nguzo ya banda hadi damu. Siku niliyoikuta damu kwenye nguzo sikwenda kazini. Nilimpigia mwalimu mwenzangu mwenye ng'ombe wengi, akanipa namba ya daktari wa mifugo.

Alikuja kwa pikipiki. Tukasalimiana kinyumbani, mwangaluka, mwangaluka, halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliacha begi lake kwenye pikipiki, akakaa kwenye gogo, akamtazama Sikitu karibu robo saa bila kumgusa. Jinsi anavyosimama, anavyogeuza masikio, upande anaotangulia kula. Ndipo akasogea, akaongea naye, akamshika taya, akafunua kope. Akaniita nione.

"Unaona hiki kigozi kinachotokea kwenye kona ya ndani? Hili ni kope la tatu. Farasi analo, punda analo, ng'ombe analo, sisi hatuna. Uvimbe umeanzia hapa. Ulianza lini, mwalimu?"

"Mwezi wa tano."

Hakusema kitu. Aliandika. Ningependa angenigombeza.

Alinieleza kwamba alidhani ni saratani ya seli bapa, zile zinazofunika ngozi na utando wa jicho. Huwapata sana farasi, na ng'ombe pia, hasa wenye uso mweupe kama wa aina ya Hereford. Jua ni chanzo kimojawapo kikubwa: ngozi isiyo na rangi nyeusi ya kujikinga huchomwa mwaka baada ya mwaka mpaka seli zinaharibika. Sikitu, kama punda wengi wa kijivu, ana duara jeupe kuzunguka macho. Watoto wangu huliita miwani. Miaka kumi na tano ya kuvuta maji kwenye jua la Unyanyembe, nchi yetu hii ya Tabora, na miwani yenyewe haikuwa ya kuzuia jua.

Alisema pia kwamba sehemu kubwa ya alichosoma kuhusu ugonjwa huu kiliandikwa kwa ajili ya farasi, na kwetu farasi haonekani, maana misitu ya miombo ina ndorobo na farasi hahimili nagana, ugonjwa wanaoueneza ndorobo hao. Punda anahimili zaidi kidogo. Kwa hiyo yanayojulikana kwa farasi inabidi kuyahamishia kwa punda kwa uangalifu, maana hata kipimo cha dawa ya kulegeza si kile kile. Punda huimaliza mwilini haraka.

Akampapasa chini ya taya na kooni akitafuta mitoki. Hakuna. Saratani hii huenda polepole, akasema, inakula palipo jirani kabla ya kusafiri mbali. Ingekuwa bado punje ya ulezi, angekata kope la tatu peke yake kwa ganzi na jicho lingebaki. Sasa ilikuwa imeng'ang'ania mboni yenyewe. Njia zilikuwa mbili: kulitoa jicho lote na kushona kope, au kumlaza Sikitu usingizi wa mwisho kwa sindano ili asiteseke.

Niliuliza kama si mzee mno. Akamsikiliza moyo na mapafu, akatazama meno, akainua kwato moja moja. Akasema angekuwa amekonda au ameacha kula angenishauri njia ya pili bila kusita, lakini huyu anatafuna, ananenepa vizuri, na masikio yake bado yanafuata kila sauti uani.

Gharama zote, pamoja na dawa, zilikuwa shilingi laki moja na themanini. Watu waliniambia niongeze kidogo nipate punda kijana. Mmoja alinikumbusha dalali aliyepita miaka ya nyuma akitaka punda wazee wote, kwa ajili ya ngozi. Zilikuwa zikisafirishwa hadi China na kuchemshwa kutengeneza dawa. Baba alimfukuza getini. Nilifurahi niliposoma kwamba Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuizuia biashara hiyo. Ila aliyenikumbusha hakuwa na ubaya, alikuwa anahesabu tu, na mimi nilikuwa ninahesabu vitu vingine.

Tulifanya Jumamosi, saa moja asubuhi, nzi hawajachangamka. Chapuo, punda dume kijana wa jirani ambaye Sikitu hulala naye banda moja, tulimfunga hatua tatu tu mbele yake, kwa sababu daktari alisisitiza: punda akitenganishwa na mwenzake anaacha kula. Sikitu alifanyiwa akiwa amesimama. Sindano ya kulegeza shingoni, kichwa kikashuka taratibu kama mtu anayesinzia kanisani, na tulikipumzisha juu ya magunia ya majani niliyoyapanga kwenye mkokoteni wa baba. Ule ule. Kisha daktari akachoma lignokeini, dawa ya ganzi, kuzunguka jicho na nyuma yake, akasubiri, akagusa, akasubiri tena. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa na kutaja saa. Ilichukua saa moja na dakika arobaini. Nilikitazama kila alichofanya, sikugeuza uso. Kilichokatwa chote kikaingia kwenye chupa ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kupelekwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kwa basi.

Sindano ya mwisho ilikuwa ya kinga ya pepopunda. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote nikiwaonya watoto wa shule wasikanyage misumari, na sikuwahi kumsikia punda aliye ndani yake. Farasi na punda ndio wanyama wanaoshikwa na ugonjwa huo kirahisi kuliko karibu wengine wote, kwa kidonda kidogo tu.

Siku tatu za kwanza sikuogopa kidonda, niliogopa tumbo. Daktari alikuwa ameniambia kwamba punda asipokula siku moja au mbili, hasa jike mzee mwenye mafuta, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini linashindwa. Anaweza kupona jicho akafa kwa njaa ya siku mbili. Jioni ya kwanza alikataa majani, akakataa mabua. Nilikaa naye bandani na taa ya sola. Nikamjaribu na pumba za mahindi nilizoloweka, akanusa akaacha. Saa tano usiku mwanangu wa pili akatoka ndani na maganda ya ndizi tuliyokula, akamnyooshea bila kuniuliza. Akala moja. Akala la pili. Nikaamsha nyumba nzima tutafute ndizi. Kulipopambazuka alikuwa amesharudi kwenye majani.

Dawa ya maumivu niliichanganya na pumba kidogo kwa siku saba. Nzi niliwazuia kwa barakoa niliyoishona kwa chandarua kichakavu nilichokifua mara tatu, kikiwa na ukanda wa kanga paji la uso ili usimkwaruze. Siku ya tisa uzi mmoja wa pembeni ulifumuka, pakawa na kidonda kidogo. Hapo ndipo asali ilipopata kazi. Daktari aliikubali, asali safi, juu ya kidonda cha nje tu, na mimi nikawa naipaka magharibi, nyuki na nzi wakishalala. Siku ya kumi na tano nyuzi zikatolewa. Palipokuwa na jicho sasa pana kope lililofumbwa, manyoya yameota, kama mtu anayekonyeza.

Majibu ya Morogoro yalichukua wiki tatu. Ilikuwa saratani ya seli bapa, na kingo za kile kilichokatwa hazikuwa na seli zake.

Kumzoesha upande wa giza kulichukua muda mrefu kuliko kidonda. Mwezi wa kwanza aligonga mpera kila siku, mpera ule ule. Nikautundikia kopo lenye mawe, upepo ukipita linalia, naye akajifunza kuusikia. Kisima tukakizungushia fito. Watoto wamefundishwa kwamba huendi kwa Sikitu kutoka kulia bila kuongea kwanza: "Bibi, ni mimi, napita," kisha mkono begani, kisha ndiyo unafanya ulichokujia. Chapuo hakufundishwa na mtu. Alianza mwenyewe kutembea upande wa kulia, nusu hatua mbele, na Sikitu huegemeza shavu lake lililofumbwa kwenye ubavu wake. Nikiwaona hivyo njiani jioni natamani sana baba angekuwepo.

Kuanzia saa nne hadi saa kumi hatoki kivulini. Na kila Ijumaa kabla ya shule, mwanangu anashika tochi, mimi nafungua jicho la kushoto, natelezesha kidole chini ya kope, natazama kile kigozi cha ndani mpaka mwisho wake.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na kidoa. Waridi, kidogo kuliko punje ya ufuta. Mwanangu aliuliza kama ni tongotongo. Nikamwambia hapana, niletee simu.

Daktari anakuja kesho saa moja. Amesema likiwa ndilo analodhani, atakata kigozi tu na jicho litabaki. Majani nimeyatia kwenye magunia, na mkokoteni tumeusogeza chini ya mwembe.