Thelathini za Babu

Jumapili, saa tano usiku.

Arobaini ya Babu imesomwa leo. Wageni wameondoka, masufuria yamesuguliwa, majamvi yamekunjwa yanangoja kurudishwa msikitini asubuhi. Bibi amelala chumbani na shangazi zangu wawili. Mimi nimebaki barazani na kopo la bati lililokuwa likikaa chini ya kitanda cha Babu. Tangu utoto wangu tulikatazwa hata kuligusa. Leo Bibi amenikabidhi mwenyewe, akasema, "Angalia, wewe unayependa karatasi."

Ndani mna vipande. Kwa asiyekulia Tanga, kipande ni ile kadi ya kibarua wa mkonge. Kila siku uliyomaliza kazi yako ilitiwa alama, na siku 30 za kazi ulitakiwa uzitimize ndani ya siku 42. Siku uliyoishia njiani haikuandikwa. Nimezitandaza kadi sakafuni, ziko saba, zimekuwa rangi ya chai. Zote zimejaa.

Babu alikuwa Muha wa Kasulu. Mwaka wa kuzaliwa hakuujua, aliambiwa tu kwamba ulikuwa msimu wa nzige. Mwaka 1958 waandikishaji wa SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, walimwandika pamoja na vijana wengine wa kwao, akapanda treni Kigoma. Wakati ule reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa bado hazijaunganishwa. Njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilifunguliwa 1963. Kwa hiyo mwisho wa safari wakashushwa, wakapakiwa kwenye lori. Alikuja kwa mkataba, na nia yake ilikuwa kurudi kwa mama yake na baiskeli. Badala yake akamwona Bibi, Mbondei, akichota maji, na habari ya kurudi ikaanza kuahirishwa.

Waliitwa manamba, watu wa namba. Nilipokuwa shule ya msingi niliwahi kutukanwa kwa neno hilo, nikarudi nyumbani nalia. Babu aliniuliza nimefanyiwa nini. Nilipomweleza, hakukasirika. Akasema, "Namba ilikuwa yangu. Na kazi iliyoandikwa mbele yake ilikuwa yangu." Kisha akaniambia kwamba hata mkonge wenyewe ni mgeni hapa. Hilo alikuwa sahihi: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote yale yaliyojaa mpaka macho yanachoka yalianzia kwenye miche hiyo.

Mkonge haumwonei mtu huruma. Kila jani lina mwiba nchani, na Babu alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Ingekuwa chini kidogo, angekuwa chongo kama wenzake kadhaa. Utomvu wake unawasha. Majani yalikatwa, yakafungwa thelathini thelathini, yakabebwa mpaka kwenye toroli, toroli ikayapeleka korona, mashine ya kukwangua. Na baada ya taabu yote hiyo, katika kila kilo 100 za majani, singa, yaani nyuzi, zinazopatikana ni kama kilo 4.

Baba ananisimulia kwamba Babu aliamka saa kumi alfajiri, akala kiporo cha ugali, akatoka na kisu chake umande ukiwa haujakauka. Saa tano alikuwa amemaliza. Wenzake wenye nguvu kama zake walichukua kazi ya pili, wakaongeza pesa. Yeye alirudi nyumbani. Alioga muda mrefu, akijisugua kwa dodoki mpaka mwasho upungue, kisha akakaa chini ya mwembe kusubiri watoto watoke shule.

Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Mtu mwenye watoto saba, kambini hakuna cha ziada, anaachaje pesa shambani? Leo mchana nilimuuliza Bibi. Akanitazama kama niliyeuliza jambo lililo wazi. "Alisema watoto wakirudi wamkute mtu."

Madaftari yao aliyapokea moja moja. Kusoma hakujua, lakini alijua alama ya vema, akazihesabu. Ilipofika 1970, mwaka uliotangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, akajiandikisha kisomo cha ngumbaru. Mikono ile iliyokatika katika, anasema Baba, ilishika penseli kama inashika kifaranga.

Na sasa usiku huu nimegeuza kipande kimoja, nikakuta nyuma yake ameandika majina. Ya watoto wote saba, kwa mpangilio wa kuzaliwa, mistari ikipanda na kushuka. Jina la baba yangu limekosa herufi moja. La shangazi wa mwisho limeandikwa kwa penseli nyingine, bila shaka alipozaliwa. Nimekaa nayo muda mrefu kadi hiyo. Upande mmoja siku 30, upande wa pili watu aliowafanyia.

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu yananiuma. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mashamba mengi yalichukuliwa na serikali. Kamba za plastiki zikaenea duniani, bei ikaanguka. Nchi iliyokuwa imevuna takribani tani 230,000 mwaka 1964 ikabaki na mapori yenye milingoti ya mkonge uliojizeesha bila kukatwa. Shamba la Babu nalo likafungwa. Kiinua mgongo aliahidiwa. Kwa miaka aliivaa kanzu yake nyeupe, akalichukua kopo hili kwapani, akaenda ofisini kudai. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi. Sijasamehe, na sioni sababu ya kusema nimesamehe.

Kilichotuokoa ni eka mbili za machungwa huko Muheza, alizozinunua kidogo kidogo angali anakata mkonge. Machungwa hayo ndiyo yaliyomsomesha shangazi uuguzi, na mimi pia. Msimu wa kuvuna tulikwenda wajukuu wote. Madalali walikuwa wakihesabu kwa mamia, Babu hakukubali. Alipanga machungwa kwa mafungu ya thelathini, akataja kwa sauti: thelathini moja, thelathini mbili, thelathini tatu. Ukimsalimia katikati, "Shikamoo Babu," alinyoosha kiganja usubiri, mpaka fungu litimie ndipo aitikie marahaba. Tulidhani ni ukali. Hata hatua za kwenda kisimani, nilikuja kugundua, alizihesabu hivyo hivyo.

Miezi yake ya mwisho alisahau mengi. Alinisahau mimi, akaniita kwa jina la kaka yake aliyebaki Kasulu. Lakini vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya shuka, midomo inacheza, na Bibi akikaa kando yake alituambia tunyamaze: "Mwacheni, yumo kwenye kuhesabu."

Leo kwenye hitima ami aligawa juzuu za Kurani. Tulikuwa tumejaa ukumbini na nje mpaka chini ya mwembe wa jirani. Aligawa akihesabu kwa sauti, kwa sababu mwaka jana kwenye hitima nyingine moja ilisahaulika. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Ishirini na tisa ikachukuliwa na mzee mmoja aliyekata mkonge na Babu. Ya mwisho ikanifikia mimi. Nikaifungua, herufi zikawa zinaogelea, nikasoma hivyo hivyo.

Tulipofunga misahafu pakawa kimya. Ndipo Bibi, nyuma ya pazia, akapaza sauti:

"Zimetimia?"

Ami akazikusanya juzuu mapajani, akazipitia kwa kidole mpaka ya mwisho.

"Zimetimia, mama."