Mkono mfupi wa msalaba wa shaba

Kiangazi cha 2014, mwezi wa saba, mwalimu aliwaagiza watoto wa darasa la sita wachore msalaba wa Katanga. Nikamchukua mwanangu hadi makumbusho ya taifa hapa Lubumbashi. Vinyago na vigoda vya Waluba tulivipita mbio, ingawa vilistahili nusu siku. Mtoto alitaka msalaba, na mimi, mtu wa kumimina shaba tangu ujana, nilikuwa na hamu kuliko yeye.

Mama aliyetuongoza alikuwa nao mmoja wa kushikwa mkononi. Una umbo la herufi X, upana kama sentimita 20, uzito karibu na kilo moja.

"Papa, huu ulitoka misheni?" mtoto akauliza.

"Hapana," mama akamjibu. Akamweleza kuhusu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Humo wafu walizikwa na misalaba, mingine midogo ya sentimita chache tu, karne nyingi kabla ya padri yeyote kufika. Ilitumika kama pesa. Hata bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na mitatu, na sarafu za 1961 zilichapwa msalaba huo.

Nikaugeuza. Upande mmoja laini, wa pili una vipele na umebonyea katikati. Hapo nikajua kalibu, yaani umbo la kumiminia shaba, ilikuwa wazi juu, haina kifuniko: shaba ikipoa hujikaza, na sehemu inayoganda mwisho ndiyo inayozama. Vipele ni hewa iliyokuwa inatafuta njia ya kutoka. Sisi kiwandani kipande kama hicho tungekirudisha tanurini.

Mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine, ncha yake mviringo kama kidole. Mama alidhani umevunjika. Nikamwonyesha kwamba hakuna alama ya kuvunjika. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, lakini ukiimimina ikiwa imepita hapo kidogo tu, inaganda kabla ya kufika mbali. Inamiminwa katikati, inakimbilia mikono minne, na ule wa mwisho unakosa.

Akatupeleka kwenye malakiti, mawe ya kijani yenye shaba. Wazee wetu waliyachimba kiangazi, mashimo yakiwa hayana maji na makala, yaani makaa ya miti, yamekauka. Tanuru waliijenga kwa udongo wa kichuguu, ambao hauogopi moto. Waliweka makala na mawe kwa tabaka, kisha mivukuto ya ngozi ikapuliza kupitia mabomba ya udongo. Jiwe kwanza hugeuka jeusi, maana linatoa maji na gesi. Baadaye moshi wa makala unalinyang'anya oksijeni, inabaki shaba. Wapulizaji wakilegea, shaba inabaki imenaswa ndani ya mavi yake, yaani uchafu wa mawe ulioyeyuka, na kazi ya siku nzima inakuwa jiwe jeusi zito lisilofaa. Kwa hiyo waliiyeyusha tena kuisafisha, ndipo wakamimina.

Mtoto akauliza yalihitajika mawe mangapi kwa msalaba mmoja. Hesabu hiyo naijua: malakiti safi kabisa ni shaba kwa asilimia 57. Msalaba wa kilo moja unataka kilo moja na robo tatu, hilo ni jiwe lisilo na uchafu wowote na tanuru isiyopoteza kitu. Tanuru hiyo sijaiona bado, hata ya umeme.

"Na ingekuwa mvua?" mama akauliza.

Hapo nilikunja mkono wa shati nikamwonyesha kovu. Kalibu yenye unyevunyevu ikikutana na shaba ya moto, maji yanageuka mvuke mara moja na shaba inaruka. Wanaomimina mchangani wanaupasha mchanga moto kwanza, hata kama unaonekana mkavu. Mtu akikwambia mchanga umekauka kwa sababu vidole vyake havikulowa, simama mbali.

Mwanangu alikuwa amekaa chini anachora. Mikono yote minne ilikuwa sawa, amepima kwa rula. Nikamwambia autazame tena ule mbele yake. Akachukua ufutio, akaukata mmoja kwa sentimita mbili, akauzungusha ncha. Mwalimu alimpunguzia alama kwa mkono huo.