Siku moja maishani mwangu: navalisha mahindi ya GMO mifuko ya karatasi

Watu wakisikia nafanya kazi kwa shamba la majaribio la mahindi ya GMO, yaani yaliyoongezewa jeni ya kiumbe kingine, wanadhani nashinda nimevaa koti jeupe nikichanganya dawa za rangi rangi. Jamani. Mimi ni teknisheni, kituo kiko pande za Kitale, Kenya, na kazi yangu kubwa ni kuvalisha mahindi mifuko ya karatasi. Hii ilikuwa Alhamisi yangu, msimu wa chavua ukiwa umepamba moto.

Saa kumi na mbili asubuhi. Strungi, boda, geti. Kuingia tu ni shughuli: geti la kwanza unasaini, geti la pili unavaa ovaroli na gamubuti ambazo hazitoki nje ya fensi, na soja anaandika jina lako kama hakukuona jana.

Saa moja hadi saa tatu ni kuzunguka mistari nikifunika vigunzi vichanga kabla ndevu hazijachomoza. Kila unywele wa ndevu unaouona kwa hindi ni njia ya punje moja, kwa hivyo chavua ya kigeni ikitangulia kuufikia, punje hiyo si yetu tena.

Saa tatu umande umekauka na sasa ndio mbio. Jioni iliyotangulia tulishafunga mifuko juu ya mbelewele, yale maua ya juu. Asubuhi unainamisha bua, unagonga mfuko chavua idondoke, unakimbia nayo kwa ndevu, unamwaga, unafunika, unapiga steplea, unaandika tarehe na nani kazaa na nani. Yote iishe kabla ya saa tano, jua likikolea chavua inakufa. Unga wa njano puani, majani yanakukata shingo, na hakuna kusimama.

Saa tatu na nusu wageni wakafika.

Walikuwa wamepangiwa saa nane mchana. Kikundi cha wakulima, na kiongozi wao ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee mrefu wa kofia, amekuja na daftari lake. Supavaiza hayupo, simu yake imezimwa, soja ananiangalia mimi. Nikamwomba mwalimu wangoje kidogo chini ya mti nimalize mistari yangu, akaniambia "msichana wangu, sisi tumetoka na matatu mbili, hatukuja kuangalia mti." Basi nikawasainisha mmoja mmoja, nikawagawia gamubuti, mama mmoja saizi yake haikupatikana tukatafuta mpaka stoo, na chavua yangu inamwagika bure kule ndani.

Halafu maswali. Mwalimu hakutaka kujua kuhusu funza wa mabua. Nilimweleza kwamba jeni tuliyoiongeza imetoka kwa bakteria wa udongo anaitwa Bacillus thuringiensis, kwamba hindi linatengeneza protini inayoharibu utumbo wa kiwavi anayetoboa bua, nikapasua bua la kawaida wakaona mashimo, nikapasua la pili liko safi. Akina mama wakashika, wakanusa. Mwalimu akangoja nimalize ndio akasema kwa sauti ya darasani, "hayo sawa, lakini mbegu zenu hazizai. Mkulima akipanda tena hazioti. Mnatufunga kamba."

Hili swali nimelijibu mpaka nimechoka nalo, na nilikuwa na kama nusu saa ya chavua imebaki. Nikamwambia mwalimu, kama hazingeota, hizi fensi zote za nini? Si ningekuwa nimelala nyumbani? Tunavua nguo getini, tunakagua pindo za suruali tusitoke na punje, mavuno yasiyohitajika yanaharibiwa humu humu, na tukishavuna tunarudi msimu unaofuata kung'oa yaliyojiotea. Tunafanya hivyo kwa sababu YANAOTA.

Akasema alisikia redioni. Nikamwambia ni kweli kuna teknolojia ya kufanya mbegu isiote iliyosajiliwa Marekani mwaka 1998, dunia ikapiga kelele, kampuni ya mbegu ya Monsanto mwaka 1999 wakaahidi hawataiuza, na haijawahi kufika dukani. Bado akatikisa kichwa. Nikamuuliza, mwalimu wewe unapanda nini? H614. Unarudia mbegu? Hapana, ukirudia shamba linakuwa ovyo, moja refu moja fupi. Na hiyo haibridi, mbegu ya wazazi tofauti waliochanganywa, ina GMO? Kimya. Haibridi za Kitale zipo tangu 1964 na hakuna aliyeziita kamba.

Hapo akafungua daftari. Nikamchorea: jeni yetu imekaa mahali pamoja kwa kromosomu moja, na mmea una kromosomu mbili mbili. Ukiwa nayo upande mmoja tu, nusu ya chavua inaibeba, nusu haina. Upande wa mama vilevile. Sasa zidisha. Mzee akaandika robo nne, akapiga mstari, akasema mwenyewe "robo tatu wanayo, robo moja hawana." Ndio hivyo mwalimu. Ukirudia mbegu ya haibridi ya namna hiyo itaota vizuri tu, ila mmea mmoja kwa kila minne funza wataula, juu ya ule ufupi na urefu unaoujua. Akanyamaza akikagua hesabu kama anasahihisha mtihani. Kisha akaanza upya na marufuku ya serikali ya 2012 juu ya GMO, ikiondolewa Oktoba 2022 mbona kesi bado ziko kortini, nikamwambia hayo aulize mawakili, mimi ni wa steplea.

Walipotoka jua lilikuwa utosini. Mistari mitatu imepotea, hiyo ni ya kujaribu tena kesho kama ndevu bado zitakuwa hai.

Lunji sikumbuki. Mchana ni grinhausi, joto la kukupikia chai, miche 96 ya kutoboa majani. Unaponda kipande kwa maji yake, unachovya ukanda, unangoja: mistari miwili jeni ipo, mmoja haipo, kama kile kipimo cha malaria cha zahanati. Hii miche ni ya mzazi mwenye jeni upande mmoja tu, aliyechavushwa kwa chavua yake mwenyewe, kwa hivyo tunatarajia 72 kwa 24. Tulipata 70 kwa 26, ambayo ni sawa kabisa, na hapo mgongo ukiuma kiasi gani mimi hufurahi, kwa sababu hicho kitu watu wanachokiita cha mashetani kinarithiwa kwa hesabu ileile ya rangi ya punje.

Shida ni kwamba ukanda haukuambii nani kati ya hao 70 ana nakala moja na nani anazo mbili. Kwa kanda hizi nilizo nazo inabidi kila mmoja akue, achavushwe mwenyewe, watoto wake wapimwe, na ambaye watoto wake wote wanayo ndiye tunayemtaka. Msimu mzima mwingine wa mifuko.

Ishirini na sita nikawang'oa, wakaingia tanuru la kuchomea. Lebo, fomu, saini, fomu nyingine. Giza limeingia nikiwa bado najaza rejista ya wageni. Kwa sehemu ya maoni mwalimu ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Tumeridhika nusu. Mbegu zitafika Kitale mjini lini, na bei gani?"