Noti moja, pumzi moja

Leo jioni sikupiga wimbo wowote. Nimekaa na noti moja tu, ile D ya chini kabisa ya filimbi yangu ya bati, matundu yote sita yakiwa yamezibwa, nikiivuta taratibu mpaka pumzi iishe. Kisha naanza upya.

Kinachonivutia ni jinsi noti hii isivyotaka nguvu. Ukiongeza pumzi kidogo tu, sauti inapanda juu ya ilipopaswa kuwa. Ukizidisha, inaruka kabisa hadi oktava ya pili, yaani D ileile lakini ya juu zaidi. Hewa hupita kwenye kijia chembamba cha mdomo wa filimbi na kugonga ule ukingo mkali, na kasi yake hapo ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa hiyo kila noti ina pumzi yake. Ya chini inataka pumzi ya joto na ya polepole, kama unapulizia kioo ukungu. Ya juu inataka hewa ya kasi isiyotetereka, na hapa wengi tunaiogopa: tunapuliza kwa woga ili tusiwapigie wenzetu kelele, na woga huo ndio unaoifanya noti ikwaruze. G ya juu ukiiendea kwa uhakika hutoka safi.

Sauti yenye hewahewa, kwa maoni yangu, si lazima iwe kosa la mpigaji. Robert Clarke alipoanza kutengeneza filimbi zake Uingereza mwaka 1843, alikunja bati na kuweka kizibo cha mti mdomoni, na filimbi za namna hiyo bado zina mvumo wa hewa ndani ya noti. Mimi naupenda. Zenye mdomo wa plastiki huwa na sauti kavu zaidi, iliyo wazi.

Ila kuna mkwaruzo mwingine unaotokana na unyevu. Bati likiwa baridi, mvuke wa pumzi hugeuka matone ya maji ndani ya kile kijia na noti zinaanza kukohoa. Basi naipasha filimbi kwanza viganjani au kwapani. Ikiziba katikati ya mazoezi, nafunika dirisha lake, ule uwazi wenye ukingo mkali, kwa kidole ili isipige yowe, napuliza kwa nguvu mara moja, maji yanatoka.

Vidole navyo vina sehemu yao. Matundu yanazibwa kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na bila kubana. Upenyo mdogo chini ya kidole cha pete unatosha kuiua D ya chini, hata pumzi ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuelekea mwisho nilijirekodi kwa simu, maana sikio la mpigaji liko karibu mno na filimbi. Mwanzo wa noti sasa uko thabiti. Mwishoni, pumzi inapopungua, bado inashuka kidogo. Kesho nitaikata mapema, kabla haijaanza kulegea, kisha niirefushe polepole kutoka hapo.